"Mashine imesema mdogo wangu ana sonona asilimia 72": mapigo ya moyo yanaweza kusema hivyo kweli?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Tanga, nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Tangu mwezi wa sita amekuwa kimya, hali chakula vizuri, usiku halali, kibanda chake cha simu amefunga. Mwaka jana alikuwa mtu mwingine kabisa, alikuwa halali pia ila kwa mipango, anaongea haraka mpaka humfuati, akakopa hela akanunua pikipiki mbili kwa mkupuo, sisi tukasema ni damu ya ujana. Dispensari walimpa amitriptyline ya kumsaidia kulala. Juzi rafiki yangu akanielekeza sehemu wana mashine, wakambana kidole dakika tano, wakamwambia avute pumzi taratibu atulie, ikatoka ripoti imeandikwa HRV 24, LF/HF 6.8, sonona 72%. Sasa wanataka tununue virutubisho vyao vya miezi mitatu. Je, mapigo ya moyo yanaonyesha sonona kweli? Na nikimnunulia saa janja itatusaidia kumfuatilia? Halafu kuna siku alisema bora asingekuwepo tungepumzika, nikamwambia asiongee hivyo.

JIBU: Pole sana dada yangu, na asante kwa kueleza vizuri hivi, maana ulichoandika hapo juu kina taarifa nyingi kuliko hiyo ripoti yao yote.

Naomba nianze na sentensi yako ya mwisho, ile umeiweka kama nyongeza. Mtu akisema bora asingekuwepo, usimkatishe. Kaa naye mahali pametulia umuulize wazi kabisa, "umewahi kufikiria kujidhuru? unafikiria sasa hivi? umepanga namna?" Najua watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo kichwani, lakini haliko hivyo, kumuuliza hakumpandikizii kitu, mara nyingi mtu anashusha pumzi kwamba jamani kumbe naruhusiwa kusema. Akikwambia ana mpango au anafikiria sasa hivi basi ni leo leo hospitali, na asiachwe peke yake hata dakika. Akisema hapana bado nataka aonwe wiki hii hii, sio mwezi ujao.

Na ile amitriptyline, dada, chukua pakiti yote ukae nayo wewe, umpe kidonge cha siku kwa siku. Hii dawa ni nzuri ikitumika vizuri ila mtu akimeza nyingi kwa pamoja inavuruga umeme wa moyo vibaya sana, ndiyo maana sipendi ikae mfukoni kwa mtu anayeongea maneno kama hayo. Sijasema aache kumeza, kuacha ghafla nako kuna shida zake, hilo ataamua daktari. Wewe shika pakiti tu.

Haya sasa tuje kwenye mapigo. Kazi yangu ni kuchambua ishara za moyo, nakaa na hizo ECG, yaani michoro ya umeme wa moyo, na kompyuta, na nafanya na madaktari wa magonjwa ya akili, kwa hiyo hili swali lako liko jikoni kwangu kabisa. Jibu fupi: ndiyo, hali ya mtu kiakili inaacha alama kwenye mapigo, na hapana, hakuna mtu duniani anayeweza kuangalia dakika tano za kidole akasema huyu ana sonona 72%. Hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja na ndipo watu wanapochanganyikiwa, au wanapochanganywa.

Iko hivi. Moyo una kituo chake cha umeme kinachoanzisha kila pigo, na kikiachwa chenyewe bila kuingiliwa na neva kwa mtu mzima kinapiga kama mara 100 kwa dakika. Sasa wewe umekaa hapo unasoma pengine uko 70, kwa nini? Kwa sababu kuna neva ndefu inaitwa vegasi inatoka kwenye shina la ubongo inashuka shingoni mpaka kifuani na tumboni, hiyo inaushika moyo breki muda wote. Ukivuta pumzi ndani breki inalegea kidogo moyo unaharakisha, ukitoa pumzi inakaza unapunguza. Weka vidole kwenye mkono wako sasa hivi, vuta pumzi ndefu uitoe polepole, utasikia mwenyewe. Kwa hiyo hata mtu aliyetulia muda kati ya pigo na pigo haulingani, na huko kutolingana ndiko tunakoita HRV. Kukiwa kwingi, kwa ujumla, breki ya vegasi inafanya kazi vizuri. Kukiwa kudogo sana kuna kitu kinaibana, na hicho kitu kinaweza kuwa chochote, shika hilo neno chochote.

Kuna hesabu kadhaa za kupima hiyo HRV na mwaka 1996 wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani Kaskazini walikaa pamoja wakatoa mwongozo wa namna ya kupima, mpaka leo ndio tunaurejea. Inayotumika sana kwenye vipimo vifupi inaitwa RMSSD: unachukua tofauti ya kila muda na unaofuata, unazidisha kila tofauti yenyewe kwa yenyewe, unapata wastani, unatafuta kipeuo cha pili. Mfano muda kati ya mapigo kwa milisekunde ni 820, 860, 845, 800, 780, 815, 850. Tofauti ni 40, 15, 45, 20, 35, 35. Ukimaliza hesabu unapata kama 33. Sasa hapo katikati tuseme limetokea pigo moja limewahi, yale mapigo ambayo mtu anasikia moyo umeruka, wengi tunayapata na mara nyingi hayana madhara, basi pale pa 800 na 780 panakuwa 520 na 1100. Rudia hesabu. Inatoka karibu 296! Hata ukilitandaza hilo pigo moja kwenye dakika tano nzima zenye mapigo zaidi ya 360 bado linaitoa 33 mpaka kama 50. Pigo moja, dada. Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachofanya sisi kabla hatujasema lolote ni kufungua mchoro na kuupitia kwa macho tuone wapi pigo limewahi, wapi mgonjwa alikohoa, wapi waya ulilegea. Kwenye ripoti yenu kuna mchoro wowote? Au ni namba na rangi nyekundu na kijani tu? Kama hakuna mchoro wa mapigo yenyewe hakuna mtu aliyesafisha chochote.

Tuje kwenye hiyo LF/HF 6.8 yao, hii imeniuma kidogo. HF ni yale mabadiliko ya mapigo yanayokwenda haraka, mzunguko wa 0.15 mpaka 0.40 kwa sekunde, na mara nyingi yanafuata pumzi, maana mtu akipumua kawaida mara 12 mpaka 18 kwa dakika anaangukia humo. LF ni ya polepole zaidi, 0.04 mpaka 0.15. Walioanza zamani walisema LF ni neva za wasiwasi na HF ni neva za utulivu, ukigawanya unapata "uwiano" wa mtu, ikiwa juu basi ana stresi. Hiyo tafsiri imepingwa sana na watu wa fani, LF ina mchanganyiko wa vitu vingi na sehemu yake kubwa inatoka kwenye vegasi hiyo hiyo. Lakini hata tukiwaachia hilo, angalia walichomfanyia mdogo wako: walimwambia avute pumzi taratibu. Mtu akipumua mara 6 kwa dakika, hiyo ni 0.1 kwa sekunde, pumzi yake yote imehama kutoka HF imeingia LF! Namba ya LF inapaa, HF inashuka, ukigawanya unaweza kupata 6 au 7 au zaidi hata kwa mtu mzima asiye na shida yoyote, hata wewe, hata mimi. Yaani wamemtuliza halafu utulivu wake wakauandika kama ugonjwa. Siwezi kusema ndivyo ilivyokuwa kwake kwa asilimia mia maana sijaona mchoro, ila kwa maelezo yako mimi hiyo 6.8 naiweka pembeni kabisa.

Na HRV 24? Kwanza hawajasema ni RMSSD au SDNN, hizo ni hesabu mbili tofauti na hazilinganishwi. Pili chukua mambo yanayoishusha hiyo namba: kukosa usingizi, homa, malaria, pombe ya jana, kuvuta sigara, kisukari cha muda mrefu, umri, kukaa bila mazoezi. Na dawa, hapa ndipo penyewe, amitriptyline inaishusha. Hiyo dawa inazuia kemikali ambayo vegasi inaitumia kuongea na moyo, kwa hiyo breki inalegea, mapigo yanapanda, HRV inaporomoka, na hilo linatokea hata mtu awe mzima wa akili kama nini. Walimuuliza anatumia dawa gani? Naomba ukumbuke vizuri, maana kama hawakuuliza basi wamepima dawa ya dispensari wakaiita sonona.

Hili la dawa lilishatikisa hata watafiti wakubwa. Ni kweli kwa miaka mingi tafiti zimeonyesha watu wenye sonona kwa wastani wana HRV ndogo kuliko wasio nayo, mtafiti Andrew Kemp na wenzake walizikusanya mwaka 2010 wakaona tofauti ipo hata kwa wagonjwa ambao hawatumii dawa ila sio kubwa, na wakaona dawa za kundi la amitriptyline zinaishusha waziwazi. Miaka miwili kabla yao, 2008, utafiti mkubwa wa Uholanzi unaoitwa NESDA ulipima watu 2,373, nao ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ile tofauti inaelezwa na dawa wanazotumia, sio sonona yenyewe. Mpaka leo watu wanabishana ni kiasi gani kinatoka wapi. Mimi kwa ninavyoona ipo alama ya ugonjwa wenyewe ila ni ndogo, na ukichukua watu wenye sonona na wasio nayo ukachora namba zao kwenye karatasi moja wanaingiliana sana, yaani kuna mzima ana 22 na kuna mgonjwa ana 60. Na HRV ndogo utaikuta pia kwa mwenye wasiwasi uliopitiliza, aliyepitia tukio la kutisha, mwenye skizofrenia, mwenye moyo dhaifu. Haichagui.

Tuseme hata wangekuwa na mashine nzuri kuliko zote, inakamata wagonjwa 8 katika 10 na inawaachia wazima 8 katika 10. Leta watu 100 wa mtaani kwenu, tuchukulie 10 kati yao wana sonona. Itawakamata 8, sawa. Lakini katika wazima 90 itawabambikia 18. Waliowekewa alama nyekundu ni 26 na wagonjwa wa kweli ni 8 tu. Sasa hao 18 wote wananunua virutubisho vya miezi mitatu.

Kwa hiyo sonona inapimwaje? Kwa kuongea, dada, najua inaonekana kitu kidogo mbele ya mashine ila ndivyo ilivyo. Daktari anakaa na mtu anamuuliza kuhusu huzuni, kukosa hamu ya vitu alivyovipenda, usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, mwendo kuwa mzito au kutotulia, mawazo ya kufa, na je imekaa wiki mbili au zaidi, imevuruga maisha kiasi gani. Kuna dodoso la maswali 9 linaitwa PHQ-9, lipo kwa Kiswahili, linajazwa dakika chache na halina gharama. Na lenyewe ni la kuchuja tu, sio hukumu. Halafu daktari anaweza kuagiza damu aangalie tezi ya shingo, upungufu wa damu, maambukizi, kwa sababu hayo nayo yanamfanya mtu awe hivyo.

Lakini dada, kwa hadithi yako mimi hata neno sonona peke yake silikubali haraka. Ule mwaka jana wa kutolala kwa mipango, kuongea haraka, mkopo na pikipiki mbili, halafu mwaka huu kunyamaza hivi... hiyo ni lazima mtu achunguze kama sio baipola, ugonjwa ambao mtu anapanda anashuka. Sisemi ndio, sio mimi wa kusema, mimi ni mtu wa ishara. Nasema usiende hospitali ukaelezea huu mwaka peke yake ukaficha ule. Wengi wanafanya hivyo bila kukusudia kwa sababu kipindi cha kupanda kinaonekana kama bidii. Na ina maana kubwa kwenye matibabu: mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake bila dawa ya kusawazisha hisia anaweza kurushwa juu, na amitriptyline iko kwenye kundi hilo hilo la dawa za sonona hata kama yeye alipewa ya usingizi. Mweleze daktari yote mawili, tarehe kwa tarehe.

Na hapa kwenye baipola ndipo mimi naona mapigo ya moyo yana kazi ya kweli. Kule Pisa, Italia, kina Gaetano Valenza na Enzo Pasquale Scilingo na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya walikuwa na mradi unaitwa PSYCHE, waliwavalisha wagonjwa wa baipola fulana yenye nyuzi ndani zinazopima ECG na pumzi, mtu analala nayo, kisha wanarudia baada ya muda na daktari anampima kwa mazungumzo kila awamu. Hawakuuliza "huyu ni mgonjwa au mzima?" Waliuliza "huyu huyu, leo yuko hali gani ukilinganisha na alivyokuwa mara iliyopita?" Na hawakutumia wastani tu, waliangalia mpangilio wa mapigo, unabashirika kiasi gani, unavurugika kiasi gani. Matokeo yalitia moyo ingawa wagonjwa walikuwa wachache. Mimi hiyo njia naiamini kuliko zote, mtu afananishwe na yeye mwenyewe. Mdogo wako akiwa na 24 leo haina maana yoyote, ila tukijua kwamba akiwa mzima, analala, hana homa, dawa ile ile, huwa yuko 45 mpaka 55, halafu wiki mbili mfululizo akashuka 30 na mapigo ya usiku yakapanda na saa za kulala zikapungua, hapo mimi ningempigia daktari wake simu. Sio kwa sababu namba imesema jina la ugonjwa, ni kwa sababu kuna kitu kimebadilika na yeye mwenyewe pengine bado hajakiona.

Ukisoma mahali kwamba kompyuta imetambua sonona kwa mapigo kwa usahihi wa 95% uliza swali moja tu: wale watu walioifundisha kompyuta ni tofauti na wale walioijaribia? Tafiti nyingi zinakata rekodi ya mtu mmoja vipande vipande, vingine vinafundishia vingine vinajaribia, kompyuta inamkumbuka mtu badala ya kujifunza ugonjwa. Ukiipelekea mtu mgeni inapotea.

ECG yenyewe ya hospitali, ile ya kubandika vibandiko kifuani, hiyo mdogo wako anaweza kuihitaji kweli, ila kwa sababu nyingine. Dawa kadhaa za akili zinarefusha kipande cha mchoro kinachoitwa QT na kikirefuka sana moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya hatari. Amitriptyline ni mojawapo, haloperidol nayo, na citalopram mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isizidi miligramu 40 kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Lithiamu, dawa kubwa ya baipola, inaweza kuchelewesha kile kituo cha umeme cha moyo. Kwa hiyo daktari akisema apigwe ECG kabla ya kubadilisha dawa msione anatafuta hela, hapo ndipo ishara ya moyo inaokoa mtu.

Sasa saa janja. Usinunue mwezi huu, hiyo hela iwe ya nauli, kumwona daktari na vipimo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, ulizia kitengo cha afya ya akili, wewe uende naye maana akiwa hivyo hataeleza. Baadaye akishaanza matibabu, na yeye mwenyewe akitaka, narudia yeye mwenyewe, kumvalisha mtu saa kwa kumpeleleza kunaharibu uaminifu, basi mjue haya. Saa ikipima mfululizo inatumia mwanga wa kijani kusoma damu inayopita chini ya ngozi, haisomi umeme wa moyo, kwa hiyo akitembea au akiendesha pikipiki kwenye barabara mbovu namba ni takataka, ya usiku amelala ndiyo ya kuamini. Mwanga wa kijani unamezwa zaidi na ngozi nyeusi kama zetu, na saa za bei rahisi hapo zinahangaika, avae imebana kidogo juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Na msihame kampuni katikati, Apple Watch inatoa SDNN, Fitbit na pete ya Oura zinatoa RMSSD, ukibadilisha kifaa umeanza upya. Mkitaka kitu sahihi zaidi kwa hela ya kawaida ni mkanda wa kifuani kama Polar H10, huo unasoma umeme wenyewe: asubuhi akiamka, kabla ya chai, amelala chali dakika tano, anapumua anavyopumua siku zote bila kujilazimisha, siku zile zile za wiki. Pembeni aandike kwenye daftari amelala saa ngapi, dawa amemeza, ana homa au hana, na siku yake aipe alama kuanzia 0 mpaka 10. Kati ya vyote hivyo saa za kulala ndizo daktari wa baipola atakazoziangalia kwanza, kabla ya HRV, na hizo unaweza kuanza kuziandika leo usiku kwa kalamu tu.

Virutubisho msinunue. Ripoti mpeni daktari aione kama atataka, ila mdogo wako mwambieni mapema kwamba ile 72% haikupima kichwa chake, maana najua ameshaisoma.